Kupanda Yerusalemu: kutoka safari ya sikukuu hadi hija ya mahali

Hotuba kwa walimu wa Biblia, makatekista na viongozi wa misafara ya hija

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Nimetoa salamu zote mbili kwa makusudi, maana humu ndani wamo makatekista, wainjilisti, wachungaji na akina mama wanaoongoza misafara ya kwenda Nchi Takatifu, na kila mmoja ana aliyoizoea.

Nina jambo moja la kusema leo, na mengine yote yanalizunguka hilo. Katika Agano Jipya hakuna mtu anayefunga safari ya Yerusalemu ili akaone mahali palipotokea tukio fulani. Watu wanakwenda kwa sababu tarehe imefika, kwa sababu Hekalu lipo na linafanya kazi, au kwa sababu wana shughuli na ndugu walioko huko. Hija tunayoijua sisi, ya kupiga magoti kaburini na kushika jiwe kwa kidole, ilizaliwa baadaye, na tunaweza kuifuata hatua kwa hatua. Mhubiri asiyetenganisha mambo haya mawili huwageuza Yusufu na Maria kuwa watalii.

Tuanze na kalenda, kwa sababu ndiyo iliyowatoa watu majumbani. Kumbukumbu la Torati 16:16 inamtaka kila mwanamume afike mbele za Bwana mara 3 kwa mwaka: Sikukuu ya Mikate Isiyotiwa Chachu, ambayo Pasaka imeungana nayo, Sikukuu ya Majuma, ndiyo Pentekoste, siku ya 50 baadaye, na Sikukuu ya Vibanda. Tena asifike mikono mitupu. Pasaka huangukia Machi au Aprili, mvua zikiisha na shayiri ikiiva. Pentekoste huja na mavuno ya ngano. Vibanda ni Septemba au Oktoba, zabibu zikishavunwa na mvua mpya hazijaanza. Ni kalenda ya mkulima, na mkulima wa Galilaya hakuweza kuliacha shamba mara zote 3. Luka analijua hilo: anasema wazazi wa Yesu walipanda kila mwaka wakati wa Pasaka, basi. Maria hakulazimishwa na torati, lakini alikwenda.

Pasaka na Vibanda zote huanguka katikati ya mwezi wa Kiyahudi, mwezi ukiwa mpevu. Kwa hiyo usiku ule wa Gethsemane kulikuwa na mbalamwezi, mawingu yakiruhusu. Ukisoma Yohana 18 kwamba waliokuja kumkamata walibeba taa na mienge, kumbuka kwamba walikuwa wakimtafuta mtu chini ya mizeituni, ambako kivuli ni kizito hata mwezi ukiwaka.

Sikukuu ilitayarishwa mapema. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa kama mwaka 200, inaeleza kazi za mwezi wa Adari, mwezi mmoja kabla ya Pasaka. Tarehe 15 barabara zinatengenezwa, mabirika ya kujitakasia yanakaguliwa, na makaburi yanawekwa alama, kwa kuwa mvua imefuta alama za mwaka uliopita. Alama yenyewe ilikuwa chokaa. Sababu yake ni ya kiutendaji kabisa: anayekanyaga kaburi ni najisi siku 7 (Hesabu 19:16), na najisi hali Pasaka. Hebu fikiria mtu aliyetembea siku 4 au 5 na kondoo wake, halafu akakanyaga kaburi lisilo na alama nje kidogo ya mji. Safari yote imeharibika. Sasa rudini Mathayo 23:27. Yesu anapowaambia waandishi na Mafarisayo kwamba wamefanana na makaburi yaliyopakwa chokaa, anasema hayo ndani ya juma la Pasaka, chokaa ikiwa bado mbichi kando ya kila njia inayoingia mjini. Wasikilizaji wake walikuwa wameyapita makaburi hayo siku chache tu kabla.

Na hiyo kanuni ya siku 7 ndiyo inayoelekea kueleza Yohana 11:55, kwamba wengi walipanda kutoka mashambani kabla ya Pasaka ili wajitakase. Huwezi kufika usiku wa kuamkia sikukuu ukatarajia mambo yaende. Mtu aliyekuwa amemzika jamaa yake karibuni alihitaji juma zima mjini, anyunyiziwe maji ya utakaso siku ya 3 na ya 7, kisha aoge. Mabirika yalikuwepo kwa wingi. Mwaka 2004 mafundi waliokuwa wakitengeneza bomba la maji machafu kusini mwa mji wa kale walikuta ngazi pana za mawe, na ikaonekana ndilo birika la Siloamu la wakati wa Yesu, kubwa kuliko lile dogo ambalo wageni walikuwa wakionyeshwa karne nyingi.

Sasa njia. Kutoka Galilaya zilikuwepo mbili kubwa. Ya kwanza inapita mgongoni mwa milima, katikati ya Samaria, kama kilomita 120 ukianzia Nazareti. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anasema mwenye haraka hupita huko na kufika kwa siku 3. Ya pili inateremka bonde la Yordani hadi Yeriko, kisha inapanda kuelekea magharibi. Ni ndefu zaidi, yenye joto, lakini tambarare mpaka Yeriko.

Hapa pana kosa linalorudiwa kwenye mimbari nyingi, eti Wayahudi walikwepa Samaria siku zote. Yosefo huyo huyo anasema ilikuwa desturi ya Wagalilaya kupita Samaria wanapokwenda sikukuu, na anasimulia jinsi baadhi yao walivyouawa huko Ginae, mji unaoitwa leo Jenin, wakati Kumano alipokuwa liwali wa Kirumi, kati ya mwaka 48 na 52. Kwa hiyo njia ilitumika, ila ilikuwa na hatari zake. Luka 9:52-53 inaonyesha hatari ya kawaida kuliko hiyo: wanakijiji wanakataa kumpokea Yesu kwa sababu anaelekea Yerusalemu. Ugomvi wao hasa ulikuwa juu ya mahali pa kuabudia, mlima Gerizimu wa Wasamaria au Sayuni ya Yerusalemu, kwa hiyo msafiri wa sikukuu aliwachokoza kwa kule anakoelekea tu. Angekuwa anatoka Yerusalemu kurudi kwao Galilaya, kama katika Yohana 4, huenda angepata maji bila taabu kubwa.

Watu walisafiri kwa msafara, na sababu ni hizo hizo. Mtoto wa miaka 12 anaweza kukosekana kutwa nzima bila mzazi kushtuka, maana kila mmoja anadhani yuko kwa shangazi au kwa wenzake. Luka 2 inahesabu vizuri: mwendo wa kutwa kwenda, kutwa nyingine kurudi, na siku ya 3 wakampata hekaluni. Wazazi wengine husoma habari hii na kuwalaumu Yusufu na Maria kwa uzembe. Aliyewahi kusafiri na ukoo mzima kwenye msiba hawezi kuwalaumu.

Nataka nikae kidogo kwenye kipande cha mwisho, Yeriko hadi Yerusalemu, kwa sababu bila hicho Marko 10 na 11 hazisomeki sawasawa. Yeriko iko kama mita 250 chini ya usawa wa bahari. Mlima wa Mizeituni unazidi mita 800 juu ya usawa huo. Katikati ni kama kilomita 27 za jangwa lenye makorongo, na maji ni haba. Unapanda zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja, na kwa mguu ni saa 6 hadi 8 kwa mtu mzima asiye na mzigo mzito. Korongo na kona nyingi ndizo zilizowapa wanyang'anyi maficho, na ndiyo maana Msamaria Mwema amewekwa barabara hiyo hiyo katika Luka 10. Mtu yule alikuwa akishuka, yaani ametoka mjini.

Chukua sasa maelezo ya Marko. Yesu anatoka Yeriko na umati mkubwa. Anafika Bethfage na Bethania, upande wa mashariki wa Mlima wa Mizeituni, anatuma mwanapunda aletwe. Anaingia mjini, anafika Hekaluni, anatazama yote pande zote, halafu, kwa kuwa ni jioni, anatoka kwenda Bethania (Marko 11:11). Wasomaji wengi huona mstari huo umepoa baada ya shangwe ile yote. Piga hesabu ya barabara: mtu aliyeondoka Yeriko alfajiri, akapanda kilima kile na umati, atafika Hekaluni jua likielekea kuzama. Meza zinafungwa. Hakuna la kufanya ila kutazama na kwenda kulala. Yohana anaipanga tofauti, anamlaza Yesu Bethania kwanza na kumwingiza mjini kesho yake, na wala sioni haja ya kuwalazimisha wote wawili waseme neno moja.

Jambo la pili kuhusu siku hiyo. Husemwa kila Jumapili ya Matawi kwamba umati uliopiga kelele za Hosana ndio uliosema asulubiwe siku chache baadaye. Someni tena. Katika Marko wanaoshangilia ni waliotangulia na waliofuata, yaani wasafiri wenzake wa sikukuu. Mathayo 21:10-11 iko wazi zaidi: mji wote unataharuki na kuuliza, "Ni nani huyu?" na makutano wanawajibu kwamba ni nabii Yesu wa Nazareti ya Galilaya. Wenye mji hawamjui. Wageni ndio wanaomtambulisha. Waliosimama mbele ya Pilato asubuhi ile ya Ijumaa walikuwa kundi lililochochewa na wakuu wa makuhani, mapema kabla mji haujachangamka. Inawezekana wachache walikuwepo mahali pote pawili, lakini mahubiri ya "umati kigeugeu" yamejengwa juu ya udongo laini.

Mjini penyewe gharama zilianza mara moja. Kila mwanamume wa Kiyahudi alilipa nusu shekeli kwa mwaka kwa ajili ya Hekalu, na ilitakiwa fedha ya Tiro kwa sababu ya ubora wake. Meza za kubadilisha fedha ziliwekwa mikoani tarehe 15 Adari na Hekaluni tarehe 25, na mbadilishaji alichukua ada yake. Waliokosa uwezo wa kondoo walitoa jozi ya njiwa, kama Maria alivyofanya katika Luka 2:24. Mishna inakumbuka kipindi ambapo bei ya jozi ilifika dinari ya dhahabu, mpaka Simeoni mwana wa Gamalieli akafundisha hukumu iliyopunguza idadi ya njiwa anazodaiwa mwanamke, na bei ikaporomoka siku ileile. Yesu anapopindua meza za wabadilishaji na viti vya wauza njiwa, basi, anagusa sehemu mbili ambazo msafiri maskini hakuwa na namna ya kuzikwepa.

Mahali pa kulala palikuwa taabu nyingine. Mji ulijaa kupita kiasi. Hesabu ya Yosefo ya mahujaji inazidi milioni 2, na hakuna mtaalamu anayeichukua kama ilivyo, ila mji ulifurika kwelikweli. Mapokeo ya marabi yanasema wenyeji hawakutoza kodi ya vyumba, bali walipewa ngozi za wanyama wa dhabihu. Wageni kutoka mbali walikuwa na nyumba za kwao: mwaka 1913 lilichimbuliwa jiwe la Kigiriki la mtu aitwaye Theodoto, kuhani na mkuu wa sinagogi, linaloeleza kwamba alijenga sinagogi kwa kusomea Torati, pamoja na vyumba na maji kwa wageni wenye shida. Ndiyo mandhari ya Matendo 6:9, penye sinagogi la Wakirene na Waiskanderia. Simoni Mkirene, kutoka Libya ya leo, alitoka katika jamii ya namna hiyo.

Mwana-kondoo wa Pasaka alichinjwa Hekaluni alasiri, saa 9 hadi saa 11 kwa hesabu ya Yosefo, ambayo ndiyo hesabu yetu ya Kiswahili ya saa, hivyo hatuhitaji kubadilisha chochote. Kila kundi lilikuwa na watu wasiopungua 10, mara nyingi hadi 20, kwa sababu mwana-kondoo mzima lazima aishe usiku uleule. Yesu na Thenashara ni 13: kundi la kawaida kabisa. Mwana-kondoo aliliwa ndani ya mji, na usiku ule hukuruhusiwa kutoka nje ya mipaka ya mji mkubwa, yaani mji pamoja na viunga vyake vya karibu. Ndiyo sababu inayoelekea kuwa ya kweli kwa nini Yesu, aliyekuwa akirudi Bethania kila jioni, usiku huo anaishia Gethsemane. Haya yanafuata Marko, Mathayo na Luka. Kwa Yohana karamu ile ni kabla ya Pasaka.

Yohana ana faida yake pia. Wale watatu wanamwonyesha Yesu mtu mzima akipanda Yerusalemu mara moja tu. Yohana anamleta Pasaka ya sura ya 2, sikukuu isiyotajwa jina ya sura ya 5, Vibanda ya sura ya 7, Sikukuu ya Kutabaruku ya sura ya 10, na Pasaka ya mwisho. Miaka 3 ya huduma tunayoitaja kila siku imetokana na Pasaka za Yohana. Sura ya 10 inasema ilikuwa majira ya baridi na Yesu alikuwa akitembea katika ukumbi wa Sulemani. Yerusalemu mwezi wa Desemba, kwenye mwinuko wa mita 750 hivi, upepo unakata. Ukumbi ule uliezekwa. Aliyeandika hivyo alikuwa anaujua mji.

Luka ni wa kuangaliwa kwa hadhari. Kuanzia 9:51 anasema Yesu ameukaza uso kwenda Yerusalemu, na safari inachukua karibu sura 10. Walimu wengine hujaribu kuichora ramani. Msijisumbue. Katika 17:11, sura 8 baadaye, bado wako mpakani mwa Samaria na Galilaya. Luka ametumia safari kama uzi wa kutungia mafundisho.

Mtume Paulo naye ni msafiri wa tarehe. Wagalatia 1:18 anasema alipanda Yerusalemu ili aonane na Kefa, yaani Petro, akakaa naye siku 15. Hataji Golgotha wala kaburi. Najua kunyamaza si ushahidi kamili, lakini mtu aliyemhubiri Kristo msulubiwa, akakaa juma mbili mwendo mfupi tu kutoka hapo, asiache hata neno! Kilichompeleka ni mtu.

Safari yake ya mwisho, Matendo 20 na 21, imeandikwa kama kitabu cha nahodha. Anataka kuwahi Pentekoste. Anakaa Filipi siku 7 za Mikate Isiyotiwa Chachu, siku 5 baharini hadi Troa, siku 7 Troa. Siku 19 zimekwisha kati ya 50 na bado yuko ng'ambo kule. Ndipo anapoamua kuipita Efeso, akijua wenyeji watamchelewesha, akawaita wazee wakutane naye Mileto. Kisha Kosi, Rodo, Patara, meli kubwa ya kuvuka bahari hadi Tiro, siku 7 tena wakati meli inapakua, Tolemai siku 1, na Kaisaria. Kutoka Kaisaria hadi Yerusalemu ni kama kilomita 100, na wenyeji waliwasindikiza hadi kwa Mnasoni wa Kipro ili wapate pa kulala. Sikukuu imekaribia, mji umejaa, nafasi ilibidi ipangwe.

Alibeba mchango. Wahazina wa makanisa, sikilizeni utaratibu wa 1 Wakorintho 16: kila mtu siku ya kwanza ya juma aweke kitu akiba kwake kwa kadiri ya mapato, Paulo akifika kusiwe na changisho la haraka, makanisa yenyewe yawachague watu na kuwapa barua. Matendo 20:4 inataja wenzake 7 kutoka Makedonia, Galatia na Asia. Fedha ya watu wengi ilisindikizwa na watu wengi, na 2 Wakorintho 8:20 inasema wazi kwamba ni ili asipatikane wa kulaumu. Alipofika, Yakobo akamshauri awagharimie wanaume 4 waliokuwa na nadhiri. Ukifungua Hesabu 6:14 utaona gharama: kila mmoja mwana-kondoo dume, mwana-kondoo jike na kondoo mume, pamoja na kikapu cha mikate na sadaka za kinywaji. Kwa watu 4 ni wanyama 12.

Ghasia zilizofuata zilitokana na ukuta mdogo. Ndani ya uwanja wa Hekalu palikuwa na kizuizi cha mawe kilichoandikwa kwa Kigiriki kwamba mgeni asiye Myahudi atakayekivuka atakuwa amejitakia kifo. Bamba moja zima lilipatikana mwaka 1871, na liko makumbusho ya Istanbul. Watu walikuwa wamemwona Trofimo Mwefeso mjini na Paulo, wakadhani amemwingiza. Dhana hiyo tu ilitosha.

Kabla sijaiacha Matendo, neno kuhusu towashi wa sura ya 8. Yule alitoka ufalme wa Kushi uliotawaliwa na Kandake, jina la cheo cha malkia, makao yake Meroe, kwenye mto Nile katika Sudan ya leo, kaskazini mwa Khartoum. Si Ethiopia ya leo, ingawa Kigiriki kinawaita Waethiopia. Safari yake ilikuwa zaidi ya kilomita 2,000 kila upande. Naye, anasema Luka, alikwenda Yerusalemu kuabudu, ingawa kwa Kumbukumbu la Torati 23:1 hali yake ilimzuia kuingia katika kusanyiko. Anarudi na gombo la Isaya, naye anasoma mahali pa kitabu kilekile ambacho sura chache mbele, Isaya 56, kinamwahidi towashi jina ndani ya nyumba ya Mungu.

Mwaka 70 Warumi waliliteketeza Hekalu, na sababu ya kupanda ikaisha. Nusu shekeli ikageuzwa kuwa kodi ya hekalu la Jupita, mungu wa Warumi, kule Roma. Baada ya uasi wa Wayahudi ulioongozwa na Bar Kokhba kuzimwa mwaka 135, mji uliitwa Aelia Kapitolina na Wayahudi wakakatazwa kukanyaga. Hapo ndipo, polepole, Wakristo wanaanza kwenda kwa sababu mpya. Melito, askofu wa Sardi, alikwenda Mashariki katika karne ya 2 kuhakikisha orodha ya vitabu vya Agano la Kale, na anasema alifika mahali mambo yale yalipohubiriwa na kutendeka. Mwanzoni mwa karne ya 3 Aleksanda alitoka Kapadokia kwenda kusali na kuchunguza mahali, wenyeji wakambakiza awe askofu wao. Origeni, mwalimu wa Kanisa, katikati ya karne hiyo, anataja pango la Bethlehemu linaloonyeshwa wageni. Mnaona neno: linaonyeshwa. Waonyeshaji wamekwisha kuwepo.

Kaisari Konstantino alifungua mlango kabisa. Kanisa la Kaburi Takatifu liliwekwa wakfu mwaka 335. Miaka 2 kabla, mtu mmoja asiyejulikana jina alikuwa amefika kutoka Bordeaux, Ufaransa ya leo, akaacha orodha ya vituo. Anatofautisha vituo vya kubadilishia wanyama na vya kulala. Bordeaux hadi Konstantinopoli ni maili za Kirumi 2,221. Konstantinopoli hadi Yerusalemu maili 1,164, vituo vya kubadilishia 69, vya kulala 58. Gawanya: maili 20 kwa siku, karibu kilomita 30. Aliondoka Kalkedoni, ng'ambo ya Konstantinopoli, 30 Mei 333 akarudi Konstantinopoli 26 Desemba. Kuhusu kaburi la Bwana anasema kwamba ni kiasi cha mtupo wa jiwe kutoka Golgotha. Anaona pia Wayahudi waliokuja mara 1 kwa mwaka kulipaka mafuta jiwe lenye tundu, karibu na sanamu za Kaisari Hadriani, wakiomboleza na kurarua mavazi. Wao bado walikuja kwa tarehe.

Baada ya nusu karne anafika Egeria, mwanamke kutoka magharibi mwa dola, aliyekaa kati ya mwaka 381 na 384 na kuwaandikia dada zake. Nakala iliyobaki, isiyo na mwanzo wala mwisho, ilipatikana Arezzo, Italia, mwaka 1884. Kwake tarehe na mahali vinakutana. Jumapili ya Matawi, saa 7 wanakusanyika kanisa la Mlima wa Mizeituni. Saa 9 wanapanda mahali pa kupaa. Saa 11 inasomwa Injili ya watoto na matawi, na wote wanateremka kwa miguu na askofu, watoto wadogo wakibebwa. Wanakwenda taratibu, anasema, wazee na akina mama wasichoke, na wanafika usiku. Nyinyi mnaoongoza misafara, andikeni hilo. Makundi mengi huharibika kwa sababu kiongozi anatembea kwa mwendo wa vijana.

Ijumaa Kuu askofu anakaa Golgotha, meza yenye kitambaa cha kitani mbele yake, na mti wa msalaba unatolewa kwenye kasha la fedha iliyopakwa dhahabu. Askofu anaushika kwa nguvu ncha zote, mashemasi wamesimama kuzunguka. Watu wanapita mmoja mmoja kuanzia saa 2 hadi saa 6, wanagusa kwa paji la uso na macho, wanabusu, bila kuweka mkono. Ulinzi huo uliwekwa, anaeleza, kwa kuwa inasemekana mtu mmoja aliwahi kuuma kipande akaondoka nacho. Ibada ni ya Kigiriki, askofu hasemi lugha nyingine. Kasisi anatafsiri kwa Kisiria, na wanaojua Kilatini wanaelezwa pembeni na ndugu wanaojua zote mbili.

Wakati huohuo wapo waliopinga. Askofu Gregori wa Nisa, aliyekuwa ameuona mji mwenyewe, aliandika kwamba Bwana hakuiweka safari ya Yerusalemu miongoni mwa matendo mema, kwamba nyumba za wageni za njiani ni hatari kwa watawa wa kike, na kwamba kama neema ingekuwa nyingi zaidi pale, dhambi isingekuwa tele hivyo mitaani. Jeromu, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, aliyehamia Bethlehemu mwaka 386 na kuwahimiza marafiki wa Roma wamfuate, baadaye alimwandikia Paulino wa Nola kinyume chake: ua wa mbinguni uko wazi sawasawa kutoka Yerusalemu na kutoka Britania. Mwenyewe alibaki Bethlehemu mpaka kufa.

Mtauliza kama Mkristo anawajibika kwenda. Agano Jipya halina amri hiyo, na amri ya Torati ilihitaji Hekalu. Anayewauzia waumini safari kwa kusema ni wajibu anawadanganya. Anayewaambia ni somo zuri la Biblia anasema kweli, mradi awapitishe barabara ya Yeriko wakiwa na maji ya kutosha, asubuhi, na Marko 10 imefunguliwa.

Karibuni kwa maswali. Tuanze na makatekista walioko nyuma.